Onduleri bila waya ni sentineli bila filimbi

Maneno haya yalisemwa mbele ya wanamemba siku ya posho, hapa Uvira. Mistari ya kuandika ndani ya kompyuta imewekwa kamili, sababu wengi waliiomba.

Ninyi marafiki wa mbali mtasoma haya ndani ya jarida. Kuna kipande chenu huku mbele, msikiruke.

Kamati iliniomba nieleze kazi ya ile boksi nyeusi iliyo chini ya meza ya sekretere, ile inayolia pii-pii umeme ukikatika. Kwa Kifaransa ni onduleur, sisi tunasema onduleri, na wenzetu waliosomea Tanzania wanaijua kwa jina la UPS. Ni kitu kimoja. Mama mmoja wa kese nyekundu aliniuliza juma lililopita: "Sasa ile boksi iko na kazi gani, kama kompyuta inazimika tu?" Nilimwambia swali lake ni zuri kuliko mafundisho mengi niliyopewa chuoni. Leo najibu.

Kwanza tukumbuke nini kiko ndani ya ile kompyuta. Kuna hesabu ya kese ya kijani, nani aliweka kiasi gani na nani alikopa. Kuna kese nyekundu, ya magonjwa na msiba. Kuna pesa ya kese ya bluu, inayotoka kwa wafadhili na inayodai raporo. Na kuna kitu ambacho kwangu mimi kinapita hivyo vyote: orodha ya familia zilizorudi, mashamba waliyoyaacha, mipaka yake, majina ya mashahidi, na picha za karatasi zao za zamani. Wale mashahidi wengine ni wazee sana. Ikipotea ile orodha, kuna maneno ambayo hatutapata mtu wa kuyasema tena.

Sasa sikieni habari ya kikundi kimoja. Siyo chetu, na jina lake halina kazi hapa. Ilikuwa siku ya kugawana. Sekretere wao alikuwa anaingiza michango toka asubuhi. Umeme ukakatika, onduleri yao ikaanza kulia, na kwa sababu inalia kila siku hakuna aliyegeuza kichwa. Sekretere alikuwa nje, anasikiliza ugomvi wa watu wawili juu ya deni. Dakika zikapita, betri ikaisha, kompyuta ikaanguka kama mtu aliyepigwa rungu. Umeme uliporudi, kazi yote ya asubuhi haikuwemo. Mama mmoja akasema alilipa, wengine wakasema hatukumwona akilipa. Walikaa mikutano miwili juu ya jambo hilo, na hata leo kuna wawili hawasalimiani.

Onduleri yao haikuwa mbovu. Ilifanya kazi yake yote. Ilishika kompyuta kwa muda, ikalia, ikachoka. Kilichokosekana ni waya mmoja kati ya boksi na kompyuta, na mistari michache ya kuifundisha kompyuta kusikiliza. Sentineli alikuwa mlangoni, mwizi alimwona, lakini hakuwa na filimbi.

Kila mutu hapa anajua delestaji. Umeme wetu unategemea mabwawa ya mto Ruzizi, ule unaoteremsha maji ya ziwa Kivu mpaka kwetu Tanganyika. Ruzizi II ilianza kazi 1989 na ni mali ya nchi tatu, Kongo, Rwanda na Burundi. Siku hizi watu wanaogawana umeme huo ni wengi kuliko wa wakati ule. Kwa hiyo tusipange kazi ya buro kana kwamba delestaji ni ajali. Ni hali ya hewa. Mvua hatuizuii, tunaezeka nyumba.

Ndani ya boksi kuna nini? Kuna betri ya risasi, ndugu ya ile ya pikipiki, mara nyingi ya volti 12 na amperi-saa 7. Zidisha, unapata wati-saa 84. Kompyuta kama yetu pamoja na skrini yake inakula kama wati 80. Mwanafunzi atasema: basi ni saa moja. Hapana, papa. Betri ya risasi ukiikamua kwa haraka inatoa kidogo kuliko ilivyoandikwa, na kugeuza umeme wa betri kuwa umeme wa priza kunakula sehemu nyingine. Ikiwa mpya, usitegemee zaidi ya dakika 20 mpaka 25. Ikiwa na miaka mitatu ndani ya joto letu, inaweza kuwa dakika tano, au mbili. Joto ni adui mkubwa wa betri hizi, kwa hiyo ondoeni boksi kwenye jua la dirisha. Na msichomeke imprimanti ya laser juu yake. Inapopasha moto inavuta umeme mwingi kwa mara moja, na boksi ndogo itaanguka palepale.

Kwa hiyo boksi hii haikununuliwa ili tuendelee kufanya kazi gizani. Imenunuliwa ili kompyuta ipate nafasi ya kufunga mlango vizuri kabla ya kulala. Tukielewana hapo, mengine ni mepesi.

Kompyuta yetu inatumia Linux, aina ya Debian. Nyingi za zile tulizopewa kutoka Ulaya ni hivyo hivyo, sababu ni mashini za zamani kidogo na Linux haidai leseni. Linux ina akili moja nzuri: diski yake inaweka daftari ya kila jambo inalotaka kufanya kabla ya kulifanya, ili umeme ukikatika ghafla iweze kujipanga tena. Njo maana mara nyingi inaamka bila malalamiko. Lakini ile daftari inalinda kabati tu. Karatasi iliyokuwa bado mkononi mwa sekretere hailindwi. Ulichoandika bila kukihifadhi kinapotea, na faili iliyokuwa inaandikwa sekunde ile ile inaweza kubaki nusu.

Sasa tuingie kazini.

Geuzeni boksi, tazameni nyuma. Tafuteni tundu dogo la mraba, kama lile la imprimanti. Hilo ni la USB, na kable yake ni ile ile ya imprimanti. Boksi nyingine, hasa za APC, zina tundu linalofanana kabisa na la kable ya intaneti, limeandikwa jina la data. Hapo angalieni sana. Si la intaneti! Linataka kable ya pekee, upande mmoja kichwa kama cha intaneti, upande mwingine USB. Na pembeni yake kunaweza kuwa na matundu mengine mawili ya kulinda laini ya simu au ya mtandao dhidi ya radi. Hayo yanafanana, lakini hayasemi kitu na kompyuta. Kama boksi haina tundu la kuongea hata moja, hakuna programu itakayoisaidia. Itumieni kwa taa au kwa modemu.

Chomekeni kable, kisha fungueni dirisha la amri na muandike:

lsusb

Mtaona orodha ya vitu vyote vilivyochomekwa. Boksi ya APC inajitambulisha kwa namba zinazoanza na 051d. Boksi nyingi za bei ndogo zinazouzwa kwenye masoko yetu, hata kama zina majina kumi tofauti kwa nje, zinajitambulisha kwa 0665:5161 na jina la Cypress. Kumbukeni ile namba, tutaihitaji.

Programu yenyewe inaitwa NUT. Ni ya bure, na inakuja pamoja na Debian, Ubuntu na Mint. Kuiweka ni mstari mmoja:

sudo apt install nut

Ukimaliza, chomoa kable ya USB na kuichomeka tena. Watu wengi wanaruka hatua hii, kisha wanakaa saa nzima wakitafuta kosa. Ruhusa ya kugusa boksi inatolewa wakati kable inapoingia, na kable yako iliingia kabla ya programu kufika.

Kuna faili nne za kurekebisha, zote ndani ya /etc/nut. Ya kwanza, nut.conf, inataka neno moja tu, yaani kompyuta moja na boksi moja:

MODE=standalone

Ya pili ni ups.conf. Hapa ndipo boksi inapopewa jina. Mimi napendelea jina ambalo sekretere ataelewa, tuseme buro:

[buro]
driver = usbhid-ups
port = auto
desc = "Onduleri ya buro"

Ule mstari wa driver ni mkalimani. usbhid-ups anajua lugha ya APC, Eaton na nyingine nyingi za aina hiyo. Lakini kama lsusb ilikuonyesha 0665:5161, mkalimani huyo atanyamaza. Weka nutdrv_qx mahali pake. Ukiwa na mashaka, andika sudo nut-scanner -U, programu yenyewe itakupendekezea jina.

Ya tatu ni upsd.users. Humo tunamweka mlinzi na neno lake la siri:

[mlinzi]
password = neno_lenu_la_siri
upsmon primary

Na ya nne, upsmon.conf, inamwambia mlinzi alinde nini. Mstari huu unaongezwa:

MONITOR buro@localhost 1 mlinzi neno_lenu_la_siri primary

Kwenye NUT za zamani, kabla ya toleo 2.8, mahali pa primary tunaandika master. Mkipewa kompyuta iliyowekwa programu miaka mingi iliyopita, mtakutana na hilo. Ndani ya faili hiyo hiyo kuna mstari wa SHUTDOWNCMD, ile amri ya kuzima. Tayari umeandikwa, muuache kama ulivyo. Kisha anzisheni kompyuta upya.

Ikiamka, muiulize:

upsc buro@localhost

Hapo boksi inaanza kuongea, na nakiri ni dakika inayonifurahisha kila mara. Itatoa mistari mingi. Tazameni minne tu. battery.charge ni betri imejaa kiasi gani kwa mia. battery.runtime ni sekunde zilizobaki kwa makadirio yake yenyewe. ups.load ni mzigo iliobeba, kwa mia. Na ups.status ndiyo habari kubwa: OL maana yake iko juu ya umeme wa SNEL, OB maana yake inaishi kwa betri, na LB maana yake betri iko karibu kwisha. Boksi za bei ndogo hazitoi mistari yote, msishangae mkikosa runtime. Mlinzi wetu anangojea herufi OB na LB zikutane. Zikikutana, anazima kompyuta taratibu: programu zinafungwa, diski inafungwa, halafu mashini inalala.

Lakini hapa kuna jambo ambalo vitabu vinapita haraka, na kwetu ni kubwa. Boksi nyingi zinasema LB betri ikifika asilimia 10 au 20. Ulaya, betri mpya, chumba cha baridi, sawa. Hapa kwetu betri iliyochoka inadanganya. Inasema 60, dakika moja baadaye inasema 55, kisha inakufa. Ukingoja 10, hautaiona. Kwa hiyo tusingoje neno la boksi, tuweke mpaka wetu wenyewe. Ndani ya ups.conf, chini ya jina la buro, tunaongeza:

ignorelb
override.battery.charge.low = 50

Mstari wa kwanza unasema: usisikilize boksi inapotangaza kuchoka. Wa pili unasema: betri ikishuka chini ya 50, kwetu imekwisha. Nusu inayobaki ni akiba ya kufunga mlango bila haraka, na pia inalinda betri yenyewe, sababu betri ya risasi inachukia kukamuliwa mpaka chini. Kuna faida ya tatu. Mnajua vile umeme wetu unavyorudi dakika kumi na kuondoka tena. Ukiondoka mara ya pili na betri bado haijapanda, kompyuta itajizima mara moja. Sekretere atakasirika, atasema mashini inaringa. Haringi mtu. Betri isiyojaa haikupi muda wa kufikiri.

Na sasa neno kwa sekretere, sababu programu haifanyi kazi yote. NUT inafunga mlango, haiandiki barua yako. Kama kwenye faili ya hesabu kuna mistari ambayo haijahifadhiwa, usitegemee mashini ikuhifadhie wakati inajizima. Ile sauti ya pii-pii ni yako wewe: ukiisikia, kidole kwenye Ctrl, kingine kwenye S, kabla ya kuuliza nani kazima. Ukitoka nje kusikiliza ugomvi, hifadhi kwanza. Na ndani ya LibreOffice, nenda kwenye Outils, Options, sehemu ya kufungua na kuhifadhi. Utakuta inajiwekea nakala ya dharura kila dakika 10. Weka dakika 2, na uweke alama pale inapokubali kuhifadhi na faili yenyewe. Wale wenzetu wa siku ya kugawana, kwa namba hiyo 2 peke yake, wangepoteza mistari mitatu au mine badala ya asubuhi nzima.

Kaye la karatasi libaki. Nasema kwa sauti sababu nimesikia kijana akisema tulichome. Mama akilipa, jina lake linaandikwa kwa bic kwanza, anaona kwa macho yake, ndipo linaingia kwenye kompyuta. Na ile orodha ya mashamba ihifadhiwe pia kwenye klefu mbili, moja ikae mbali na buro. Onduleri haizuii moto wala maji ya mafuriko, na Uvira tunajua mafuriko.

Niliulizwa maswali matatu baada ya mkutano, nitayajibu hapa kwa ufupi.

Papa mmoja alisema: "Mungenunua laptop, iko na betri yake tayari." Ana haki. Betri ya laptop iko ndani na inaongea na Linux bila kufundishwa, na mahali penye panele ya jua peke yake, kama vijiji vingi vya Fizi, mimi ningechukua laptop bila kujadili. Lakini kompyuta za meza tunazo tayari, zilitolewa kwetu, vipuri vyake vinapatikana, na laptop ina miguu: leo iko buro, kesho iko kwa binamu wa mtu. Kazi ya kese nataka iwe juu ya mashini isiyotembea.

La pili lilikuwa la grupu. Kijana alisema wakiwasha grupu la petroli, onduleri inaruka-ruka, kwenye betri, kwenye umeme, kwenye betri tena. Ni kweli. Grupu dogo linatoa umeme usiotulia, na boksi inaona kama umeme umekatika. Msiizime wala kutoa waya. Punguzeni vitu vingine vilivyochomekwa kwenye grupu, friji kwanza, na kompyuta isiwashwe mpaka grupu lipate dakika chache za kutulia. Ikiendelea, grupu ndilo linahitaji fundi.

La tatu: tukiwa na kompyuta mbili juu ya boksi moja? Inawezekana. Kable ya USB inaingia kwenye moja, na hiyo inaambia nyingine kupitia mtandao wa ndani ya buro. Nyingine inajizima kwanza, yenye kable inafuata. Lakini pimeni mzigo kwanza kwa ups.load. Na msidanganywe na namba kubwa iliyoandikwa kwenye boksi. Boksi ya VA 650 haibebi wati 650, inabeba karibu nusu mpaka sita kwa kumi ya hiyo.

Sasa ninyi marafiki mnaotusaidia mkiwa Ubelgiji, Ufaransa, na hata wenzetu waliokwenda kuishi Marekani na Kanada. Aksanti kwa kompyuta. Naomba niseme wazi, sababu tunaheshimiana. Boksi za onduleri zinatufikia bila kable. Mtu anapakia boksi, anaona ile kable ndogo, anadhani ni ya imprimanti, anaiacha kwenye droo. Huku, ile ya kichwa cha pekee haipatikani dukani, na bila hiyo zawadi yenu inabaki kuwa sentineli bila filimbi. Ifungeni kwa gundi ya plastiki juu ya boksi lenyewe. Kabla ya kununua, tazameni orodha ya NUT ya boksi zinazotambulika. Iko wazi kwa kila mtu na inaonyesha mkalimani wa kila aina. Chagueni boksi ambayo betri yake inabadilishwa kwa mkono, ya volti 12 na ya kawaida, sababu baada ya miaka michache betri itakufa, na tunataka kununua betri tu, siyo boksi zima. Na tafadhali, msitume boksi iliyokaa ghalani mwaka mzima bila kuchajiwa. Betri ya risasi iliyolala tupu haiamki. Kwa raporo zenu pia, pesa ya betri mpya iwekwe kwenye bajeti kuanzia mwaka wa tatu. Raporo nyingi zinahesabu vifaa vilivyofika tu, na siku ile betri inakufa hakuna mstari wa kuilipia.

Limebaki jaribio, na hilo halifanywi kwa maneno. Siku ya posho ijayo, saa tatu asubuhi, kabla kese haijafunguliwa, tutakutana buro: sekretere, mweka kese, na wanamemba wawili watakaochaguliwa na mkutano, mmoja wao awe mama. Faili zote zitakuwa zimehifadhiwa na kufungwa, klefu iko mfukoni mwa mweka kese. Tutachomoa onduleri kutoka kwenye priza ya ukuta na kukaa kimya tukitazama saa. Mtu mmoja ataandika kwenye kaye: saa ngapi tulichomoa, saa ngapi herufi OB zilitokea, betri ilikuwa ngapi kila dakika mbili, saa ngapi kompyuta ilijizima yenyewe. Ikianguka kabla ya kufika 50, betri imekwisha na tutaomba pesa ya nyingine siku hiyo hiyo. Ikijizima vizuri, tunaandika dakika, na baada ya miezi mitatu tunarudia tuone zimepungua kiasi gani. Hiyo kaye itakaa na kaye za kese, na mwanamemba yeyote ana ruhusa ya kuiomba na kuisoma.